Kabla ya Tairi Kubwa, Pakia Watu

Vijana wangu, najua mnavyoniita nikishapita. Mzee Khamis Mwoga. Masikio yangu bado yapo, nimesikia. Nikisimama mbele ya karakana zenu hapa Arua na kuinama chini ya pikapu ya mtu nisiyemjua, mnapigana viwiko na kucheka. Chekeni tu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kilio kilinikaribia mara moja nikakisikia kinavyopumua. Sitaki kukisikia tena.

Mnapenda kuniuliza swali moja. Mzee, pikapu yenye injini ya cc elfu moja mia sita inaweza kuvaa tairi ya inchi ngapi? Mnataka namba. Siku hizi hata hamningoji nijibu, mnatoa simu, mnaandika, namba inakuja. Sisi tulipima kwa kamba ya katani kutoka chini hadi juu ya tairi, tukaikunja kamba, tukakuna kichwa. Simu yenu ni bora kuliko kamba yangu, sibishi. Ila simu inajua inchi, haijui mzigo. Haijui kwamba nyuma ya gari ile watakaa watu tisa juu ya magunia, na wa kumi atakuwa anakimbia kuwafuata akiwa na mbuzi.

Hadi leo, nimestaafu na nimekaa nyumbani na chai yangu, pikapu ndogo ikipita barabarani juu ya tairi nene, kijiko kinabaki hewani. Nasikiliza. Wajukuu wanadhani nimesahau kukoroga.

Basi nianze na injini, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anapodanganywa na macho. Tairi kubwa inapendeza. Gari inasimama juu, inaonekana ina hasira. Lakini tairi ikiongezeka kimo, kila mzunguko mmoja injini inasukuma njia ndefu zaidi, na injini ni ileile, haikula chakula kipya. Tairi ya pikapu ndogo za hapa kwetu ni kama inchi ishirini na sita kwa kimo. Mpe ishirini na nane nyembamba, gari italalamika kidogo na kuzoea. Mpe thelathini na moja, umempa mtoto wa darasa la pili gunia la mahindi. Gia ya tatu inakuwa kama ya nne, gia ya nne inakuwa pambo. Saa ya mwendo inasema hamsini na wewe unakaribia sitini. Na breki, wapenzi wangu, breki zilezile ndogo sasa zinashika gurudumu kubwa na zito. Dereva anakanyaga mahali alipozoea, gari inasimama mbele ya mahali alipozoea.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Mvara aliyenilazimisha nimfungie tairi kubwa kwenye kipikapu chake, kwa sababu shemeji yake anazo. Nilimwambia. Hakusikia. Wiki ya kwanza alikutana na kilima, akiwa na mbao nyuma. Gia ya kwanza ikashindwa. Yule bwana hakuwa mjinga, alijua gia ya kurudi nyuma ina nguvu kuliko zote, akaigeuza gari na kupanda kilima kinyumenyume, shingo imepinda, wanafunzi wake wakimpigia makofi njiani. Alirudi kwangu kimyakimya, akasema, "Mzee, toa hii kitu." Nikatoa. Tulicheka mpaka machozi. Lakini usiku ule nilijiuliza, je, kama gia ya kurudi nyuma nayo ingeshindwa? Ndivyo kichwa changu kilivyoumbwa.

Woga huu nilifundishwa. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Fadimula wa Koboko, mtoto wa askari, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache. Kila alipofunga tairi kubwa kuliko ya zamani, hakumpa mteja ufunguo. Alichota unga wa muhogo, akaulowesha kidogo, akaupaka ndani ya bati la juu ya tairi, kwenye chuma cha usukani, na kwenye ile paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki gurudumu la mbele. Kisha alituma mtu sokoni kuwaita wabeba mizigo. Wanakuja kumi, kumi na wawili, wanaruka nyuma ya gari, wanatafuna muhogo, wanatukanana kwa mapenzi, gari inazama. Hapo Fadimula anakata usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, anaenda mbele, anarudi. Halafu anainama na kutazama unga. Mahali unga ulipofutika, tairi imegusa.

"Gari tupu iko mwongo," alikuwa anasema. "Pakia mutu, yeye atasema kweli."

Niliifuata kanuni hiyo miaka yote. Siku moja tu sikuifuata. Ndiyo siku ninayotaka kuwasimulia, na ningefurahi kama mngeacha simu kidogo.

Ilikuwa msimu wa mvua. Asubuhi akaingia uani kwangu Keji, mama mfanyabiashara kutoka Sudani Kusini, aliyekuwa akikaa upande wa Omugo na kuuza maharagwe na samaki wakavu kwa pikapu yake ndogo ya petroli. Nilimfahamu kwa kelele na utani. Siku hiyo hakuwa na utani. Alishuka, akasimama karibu na gurudumu la mbele, akaligonga kwa mguu.

"Mzee, mimi nataka tairi kubwa. Ile ya matope. Nataka leo."

"Mama, gari yako iko na injini kidogo."

"Mama yangu iko mochari," akasema. "Alikufa jana. Alisema asizikwe ugenini. Leo sisi napeleka yeye nyumbani, ng'ambo ya mto Kaya. Watu nasema kule barabara iko matope tu, gari kidogo nalala njiani siku mbili. Mimi siwezi lala katika matope na maiti ya mama."

Nikasema Inna lillahi. Alitaka za thelathini na moja. Mimi nilitaka za ishirini na nane, nyembamba, kwa sababu tairi nyembamba hukata matope na kufika chini kwenye udongo mgumu, pana huelea juu na kuteleza. Tulivutana. Dukani kulikuwa na za thelathini, pana kiasi, meno makali. Tukakutana hapo. Nilijua zimepita kipimo changu. Nilijua, ndiyo maana nasema niliona na macho yangu yote mawili.

Nikazifunga. Nikachukua kopo la unga. Nikawa nimefungua mdomo kumwita mtu aende sokoni kuwaleta wabeba mizigo, nikamtazama Keji. Alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, kitambaa cheusi kichwani, anaangalia chini. Nikawafikiria wale vijana wakiruka juu ya gari ile na muhogo mdomoni, wakicheka na kutukanana mahali ambapo baada ya saa moja litalazwa jeneza la mama yake. Niliona aibu. Nilisema moyoni, hapana, hii si heshima. Nikaweka kopo chini. Nikakata usukani kushoto na kulia gari ikiwa tupu, unga hakuna, watu hakuna. Haikugusa popote. Nikampa ufunguo, nikampa pole, nikahisi mimi ni mtu mwema.

Adhuhuri nilikwenda mochari kutoa rambirambi. Nilifika jeneza limeshapakiwa. Wakapanda watu. Nilihesabu, kwa sababu siwezi kuacha kuhesabu: tisa nyuma, kuwazunguka marehemu, na magunia ya chakula cha msiba chini ya miguu yao, na wawili mbele, Keji kwenye usukani akiwa wa tatu. Gari ikazama. Wakaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti nzuri, nzito. Keji akakata kona kutoka getini, na chini ya ule wimbo nikasikia kitu kama mtu anafagia sakafu kwa ufagio mkavu. Shwaa. Mara moja. Shwaa tena.

Nilipiga kelele. Nani angenisikia? Walikuwa wanamwimbia mama. Nilikimbia hatua chache, na umri wangu ule, kofia ikaanguka. Nikapiga simu ya Keji, ikaita mpaka ikachoka.

Sasa fikirini nami. Kelele ile ilikuwa ya tairi ikisugua. Kama inasugua bati, si neno, bati litakwanguka. Kama inasugua paipu ya breki, basi kila tuta, kila kona, inakula mpira kidogo. Kutoka Arua hadi Koboko kila kituo cha biashara kina matuta. Na baada ya Koboko, kabla ya mpaka pale Oraba, barabara inateremka kuelekea mtoni, malori yamejipanga chini yakisubiri karatasi. Watu kumi na wawili na jeneza moja, gari nzito, mteremko, malori chini. Mimi ndiye niliyefunga tairi zile.

Nikamkuta Candia, dereva wa boda, mtu mzima mwenye watoto wanne na pikipiki safi.

"Hajji, nakwenda wapi?" Makka sijafika hata kwa ndoto, lakini Arua ukizeeka na kofia unaitwa Hajji.

"Koboko. Oraba. Haraka, lakini usituue."

"Sasa haraka, au tusikufe? Chagua moja."

Sikucheka. Njia nzima nilikuwa nikijituliza na kujitisha kwa zamu. Lami imenyooka, nikasema, hatakata kona. Tukavuka matuta matano mfululizo, nikahesabu kila moja linavyokula mpira. Injini yake dhaifu, nikasema, na tairi zile hawezi kukimbia, atatambaa. Kisha nikakumbuka saa yake ya mwendo inamdanganya. Kila tulipoona kundi la watu pembeni ya barabara nilifumba macho, na kila nilipofumbua walikuwa wanauza maembe. Koboko mjini tukauliza, watu wakasema, ndiyo, gari ya kilio imepita, watu wanaimba. Nikamwomba Mungu waendelee kuimba.

Tuliwakuta wamesimama pembeni, juu kabisa ya mteremko. Wimbo umekwisha. Keji alikuwa bado kwenye usukani, na mjomba wake Lado, mzee mrefu mwenye fimbo, amesimama dirishani akimhimiza.

"Mzee?" Keji akasema aliponiona. "Wewe nafanya nini huku?"

"Breki iko namna gani?"

"Imekuwa laini kidogo. Mimi napampu, inashika. Hapa ni karibu, tunashuka tu. Jua likishuka wanafunga mpaka."

Niliingiza mkono dirishani, nikachomoa ufunguo. Sikupanga, mkono ulijiendea wenyewe. Mzee Lado akanishika bega. "Wewe ni nani wa kusimamisha maiti? Wanafunga geti, sisi nalala na yeye hapa barabarani?"

Nililala chini kwenye lami, nikaingiza kichwa nyuma ya gurudumu la kushoto. Rimu ilikuwa imelowa. Paipu imelika, nyuzi za ndani zimetoka nje, na mafuta yanatoka kama jasho. Nikabaki pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nitawaambia kwa nini. Kwa sababu ningeweza kuinuka na kusema jiwe limeipiga. Njia mbaya, mama, pole. Wangeamini. Nani kati yao angejua?

Nikainuka. Nikasema, "Kosa ni langu. Mimi nilifunga tairi hizi. Kuna jaribio ninalofanya kila siku, leo sikulifanya. Mkishuka hapa, breki itaisha katikati."

Lado hakuamini. Alisema mafundi wa Arua wote wako na maneno. Basi nikamwomba kitu kimoja: kwenye magunia yale ya msiba kuna unga wa muhogo? Alinitazama kama mwendawazimu, lakini akachota konzi moja. Niliulowesha kwa maji ya kunywa ya Candia, nikapaka paipu ya kulia, iliyokuwa bado inashikilia. Nikawaomba wote wapande tena na kukaa walivyokuwa. Mimi nikakata usukani hadi mwisho, gari ikasogea hatua mbili tambarare na kurudi. Nikamwambia mjomba ainame aangalie mwenyewe. Aliinama, akaegemea fimbo. Unga ulikuwa umefutika, na mpira chini yake umekwanguka mweupe.

Alirudisha mkono kwenye gunia, akachota konzi ya pili, akasimama akiwa ameishika.

Candia akarudi Koboko mbio kutafuta paipu mbili na mafuta ya breki. Sasa hakuwa na utani. Mimi nikaanza kazi na spana za pikipiki na waya. Kuna bolti zinazozuia usukani usikate kupita kiasi. Nilizirefusha kwa kuwekea vipande vya chuma vya duara, ili gurudumu lisifike kule lilikokuwa linagusa. Gari ingehitaji uwanja mkubwa kugeuka, si neno. Candia aliporudi nikafunga paipu mpya, nikazivuta mbali kwa waya. Keji akakaa kwenye pedali, mimi chini natoa hewa. "Kanyaga. Shika. Achia." Niliangusha spana mara tatu. Jua lilikuwa linashuka na kila mtu alikuwa analitazama isipokuwa mimi.

Nikageuka kumwomba mjomba unga. Alikuwa bado amesimama pale, ngumi imefungwa. Nikapaka pande zote mbili. Watu wakapanda. Nikakata kushoto, nikakata kulia. Lado akainama kabla yangu.

"Iko yote," akasema.

Hata hivyo niliwaomba washuke mteremko ule kwa miguu. Walikubali. Keji akaendesha kwa gia ya kwanza, mimi nikapanda nyuma, juu ya gurudumu la kushoto, mkono mmoja kwenye bati, mwingine kwenye jeneza ili lisiteleze. Sijawahi kuogopa namna ile. Nyuma yetu wakaanza kuimba tena, wakitembea. Nilisikiliza chini ya wimbo. Hakukuwa na kitu, tairi tu na barabara.

Getini askari alikuwa ameshashika mnyororo. Aliona jeneza, akavua kofia, akauachia. Mimi nilibaki upande huu. Nilisimama hadi pikapu ikafika ng'ambo, watu wakapanda, ikaingia kwenye matope mekundu palipokuwa na gari nyingine mbili ndogo zimelala. Ilitikisika, ikazama, ikapita. Kwa hiyo Keji alikuwa sahihi kuhusu tairi, na mimi nilikuwa sahihi kuhusu injini, na wote wawili tungeweza kuwa sahihi kaburini.

Siku tatu nilingoja habari. Ya nne akapiga simu. "Mzee, mama amelala kwao," akasema. Nikasema alhamdulillahi, nikakata simu, nikalia mbele ya wateja.

Naam, ndiyo hayo. Sasa nyinyi mtaniambia, lakini Mzee, kuna wateja wenye haraka, wenye huzuni, wakubwa wa serikali wasiotaka wabeba mizigo wakae kwenye gari zao safi. Najua. Huyo huyo ndiye wa kumpakia watu. Heshima niliyompa Keji siku ile ilikuwa ya kwangu mwenyewe, nijione mwema. Yake ilikuwa kwenye kopo la unga.

Mvua zilipoisha alirudi uani kwangu. Alitaka tairi za ishirini na nane, nyembamba, kwa ajili ya biashara, maana zile kubwa zilikuwa zinamnywea petroli. Nikazifunga. Kabla sijafungua mdomo, Keji alikuwa ameshakwenda sokoni mwenyewe, amerudi na wabeba mizigo kumi wanaotafuna muhogo na kutukanana. Wakaruka juu. Na yeye, mama mzima na kitenge chake, akapanda nyuma pamoja nao, akakaa katikati, mahali pale pale alipolala mama yake.

"Kata usukani, Mzee," akasema.

Nikakata kushoto, nikakata kulia. Nikainama kutazama unga. Ulikuwa wote. Nikamwambia Keji, mama, shuka, iko sawa.

"Ngoja," akasema. "Kata tena."